Msichana Aliyebeba Sinia

Sauti yangu ya kike ilijulikana Kitengela kuliko sauti yangu mwenyewe. Watu walionikuta sokoni hawakuniita kwa jina. Walibana pua, wakanisalimia kwa ile sauti nyembamba niliyokuwa nikiwapa wanawake wa muvi za Kihindi, za Kichina na za Kikorea, halafu wakacheka wenyewe. Nami niliwajibu kwa sauti hiyohiyo, maana mteja ni mteja hata akiwa mjinga.

Nilikuwa na banda la video nyuma ya steji ya matatu. Mabati, mabenchi, televisheni yenye mgongo mkubwa, na baadaye projekta ya mtumba. Kazi yangu, ambayo watu waliiita u-DJ, ilikuwa kukaa pembeni na maikrofoni na kuwaeleza watu kinachosemwa kwenye muvi. Lugha zile sikujua hata moja. Kama chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, niliyasoma. Kama hayakuwapo, nilitazama nyuso na kusema kinachostahili kusemwa. Hakuna aliyewahi kunilalamikia. Mhindi akimlilia mama yake analia kama sisi, na Mchina aliyenyang'anywa shamba la baba yake hahitaji mkalimani akifika kaunti ya Kajiado.

Banda lilikuwa na desturi zake. Steringi, yaani shujaa wa muvi, hafi, na akifa basi kuna sehemu ya pili. Mtu akipitwa na kitu anaita "Rudisha!" na mimi narudisha, hata kama ni yeye alikuwa amesinzia. Na desturi ya mwisho, ambayo ndiyo iliyonipa jina mjini: kwangu hapakuwa na bubu. Yule mzee anayeuza machungwa kando ya barabara steringi wakipigana, ambaye mwenye muvi hakumpa hata neno moja, mimi nilimpa. Nilimfanya alalamike juu ya machungwa yake. Nikampa mke, nikampa na kesi ya mpaka wa ploti kule Isinya. Wengine walikuja kwa ajili ya wazee wa namna hiyo, si kwa ajili ya mateke.

Simu ndizo zilizoua banda. Siku hizi kila mtu ana banda lake mfukoni na anacheka peke yake. Mimi sasa natangaza kwa spika maduka mapya ya hadiwea yanapofunguliwa, na nikiitwa natafsiri mikutano ya injili, ambako pia watu hawapendi uongeze maneno.

Dada yangu ndiye kitinda mimba kwetu. Alikuwa akifunga maua katika shamba moja la Isinya, akachoka na baridi ya chumba kile cha maua, akaenda kufanya kazi za nyumba katika nchi moja ya Uarabuni. Hakudanganywa na mtu wala hakusukumwa na mtu. Alitaka kwenda, akaenda. Mama hakupinga. Alimtemea mate ya baraka viganjani, kama tunavyofanya sisi Wamaasai, na alipogeuka akaenda zizini kuhesabu mbuzi ambao alikuwa amewahesabu asubuhi.

Mwanzoni dada alipiga simu ya picha kila alipopata nafasi. Kwetu mtoto hamsalimii mzazi kwa kumpa mkono. Anainamisha kichwa, mzazi anaweka kiganja juu yake na kumtolea salamu, na hapo ndipo mtoto anaitikia. Dada hakuiacha desturi hiyo hata akiwa kwenye jiko la watu. Aliinamisha kichwa mbele ya simu hadi tukaona tu mstari wa katikati ya nywele zake. Mama akaweka kiganja juu ya kioo, akasema, "Nakerai, takwenya." Mtoto wangu, salamu. Na kutoka kule mbali sauti ikaitikia kwa lugha yetu ya Kimaa, "Iko." Mara nyingi kiganja hicho ndicho kilichokata simu. Tulicheka, tukangoja apige tena, na mama akawa analaumu kampuni ya simu.

Halafu simu zikaacha kuja. Namba ikawa haipatikani. Ajenti aliyempeleka alikuwa na ofisi ghorofani, na nilipokwenda nikakuta kinyozi ambaye hakujua chochote, akaniuliza kama nanyoa. Wakubwa wa ofisi za Nairobi niliowaendea waliniambia ningoje. Niliwauliza ningoje nini, wakasema ningoje. Mimi ni mtu wa hasira, watu wa steji wanaweza kukuambia, lakini hasira inataka mtu wa kuimalizia, na kila niliyemfikia alikuwa na adabu sana na hakuwa na habari.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa wakati binti mmoja kutoka Nairobi aliponitafuta. Huko Nairobi walikuwa na tamasha la muvi za Asia, za siku hizi, zikiwemo zilizotengenezwa na watoto wa Waasia waliozaliwa ng'ambo, na walitaka siku moja ya kuzionyesha Kajiado mjini, katika ukumbi wa kanisa. Alikuwa Mhindi wa Nairobi, mwembamba, na miwani aliipandisha kichwani akaisahau huko. Alizungumza Kiswahili cha Nairobi kuliko mimi.

"DJ, hizi si zile za mateke," aliniambia. "Hizi ni za watu wa kawaida na maisha yao. Subtitles ni za English, na nimeambiwa wamama wengi hawatasoma. Wewe utawasomea kwa Kiswahili, ama Kimaasai kikihitajika."

"Hiyo ni kazi yangu."

"Lakini usiongeze kitu, please. Kile kimeandikwa, hicho tu. Na haturudishi nyuma. Watu watazame mpaka mwisho."

Nilijiona kama mtu aliyeambiwa apike bila chumvi. Lakini nilikubali, na nyumbani nikamwambia mama ajitayarishe twende wote. Mama alipenda muvi za Kihindi tangu zamani kwa sababu, alisema, wale watu wanajua kulia. Tangu simu zikome hakuwa ametaka kwenda popote. Siku hiyo alivaa shanga zake zote.

Ukumbi ulikuwa umezibwa madirisha kwa shuka nyekundu, na jua la mchana likafanya kila mtu aonekane ana homa. Skrini ilikuwa kitambaa cheupe kilichosimamishwa kwa vyuma, na projekta ilikaa juu ya meza katikati ya mabenchi. Walikuja akina mama wa kikundi cha shanga, walimu, wachuuzi wa soko, wazee wachache waliofuata chai, na nyuma kabisa kikundi cha wateja wangu wa zamani kutoka Kitengela, waliosikia nitashika maikrofoni tena. Mzee mmoja alimwuliza yule binti kama huko kwao mvua imenyesha. Alimjibu, "Kwetu ni Ngara, hapo Nairobi, mzee. Imenyesha, hata stima imepotea, ni giza tu." Mzee alicheka hadi akakohoa, na kuanzia hapo ukumbi wote ulikuwa wake.

Muvi ya kwanza ilikuwa fupi, ya msichana Mkorea aliyekulia Ulaya, ambaye hawezi kuzungumza na bibi yake kwa sababu lugha imempotea. Akina mama walisikitika kwelikweli. Mmoja alisema wajukuu wake waliozaliwa Rongai ni vivyo hivyo. Nilisoma kilichoandikwa, sikuongeza kitu, na wale wa nyuma wakaanza kuguna kwamba DJ ameokoka.

Ya pili ndiyo iliyotupata. Ilitoka katika nchi moja ya Waarabu, si ile aliyokwenda dada, ila mimi na mama tungewezaje kuzitofautisha, kuta ni nyeupe kote. Kaka na dada wamefiwa na baba na sasa wanagombania nyumba. Wamekaa sebuleni kutwa nzima na kuumizana kwa maneno ya upole. Maneno yalikuwa mengi, yanakuja upesi, na mimi macho yangu yalikuwa chini ya picha, kwenye maandishi. Kaka anasema kiti hiki baba alinunua kwa ajili yangu. Dada anasema ulikuwa wapi alipougua. Nilikuwa katikati ya maneno ya kiti hicho niliposikia mama, kutoka benchi la mbele, akisema kwa Kimaa, bila kupaza sauti, "Yule ni mtoto wangu."

Niliendelea kusoma. Nilidhani anamwambia jirani yake habari nyingine. Kisha nikaona watu wamegeuka kumtazama, nikainua macho kutoka kwenye maandishi. Nyuma ya yule kaka, mlangoni, palikuwa na mgongo wa msichana mweusi aliyefunga kitambaa kichwani, anatoka na sinia tupu. Alitoka, mlango ukabaki mtupu, na kaka akaendelea na kiti chake.

Nilisoma mstari, nikaruka mstari, hakuna aliyejua. Sasa nilikuwa natazama mlango tu. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema, na kweli wale ndugu wawili hawakumtaja wala kumtazama, na aliyeshika kamera hakumtaka isipokuwa apite. Aliporudi alikuwa na vikombe. Akaja hadi kwenye meza, mbele kabisa, mkubwa kuliko sisi sote, akainama kuliweka sinia chini. Uso haukuonekana. Kilichoonekana ni kichwa, kimeinamishwa kwetu.

Mama alisimama.

Hakuna mtu wa mji mwingine ambaye angekosea namna ile. Mtu wa mahali pengine angeona mtumishi anaweka chai. Mama aliona mtoto ameinamisha kichwa, na mtoto akiinamisha kichwa hangojeshwi. Alipita mbele ya benchi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye skrini, mkono umeshatangulia. Na kadiri alivyokaribia ndivyo kivuli chake kilivyopanda juu ya kitambaa, kwanza mabega, kisha kichwa na shanga, hadi kikamfunika msichana wote. Kiganja kilipofika kiligusa kivuli chake mwenyewe. "Nakerai, takwenya," alisema. Kitambaa kilitikisika. Alipoondoa mkono msichana alikuwa amekwisha kwenda, na pale palikuwa na kifua cha yule kaka, anasema habari ya mwanasheria.

Sikuyasoma hayo. Kila mtu mle ndani alijua kilichotokea: mzazi amesalimu na hakuitikiwa. Kwetu hilo si jambo dogo. Nilitaka kwenda kumshika mkono nimrudishe.

"Rudisha!" mama mmoja wa kikundi cha shanga akaita.

Kisha wengine. Rudisha, rudisha hapo, na wale wangu wa nyuma nao, tena bila mzaha. Yule binti alinitazama kutoka kwenye projekta. Nilimwambia kwa maikrofoni, kwa sababu nilisahau ninayo mkononi, kwamba nina dada yuko Uarabuni na hatujamsikia tangu mwaka jana. Alishusha miwani kutoka kichwani akaivaa, kama ndiyo kwanza atuone. Akarudisha.

Alirudisha, akarudisha tena. Msichana alitoka na sinia tupu, akaingia na sinia la vikombe, akainama, akatoka. Tulimtazama sote, ukumbi mzima, jinsi ambavyo nadhani hakuna aliyepata kumtazama. Ana dosari kidogo mguu wa kushoto, mwalimu mmoja akasema. Dada yangu alikanyagwa na ndama utotoni, mguu wa kushoto. Lakini mwingine akasema hapana, ni zulia limejikunja. Tukatazama tena, na kweli palikuwa na zulia. Mkono ulikuwa kama wake. Shingo ilikuwa kama yake, lakini shingo ni shingo. Kila mara nilijikuta nimeinama pembeni ya ukumbi, kana kwamba nikikaa vizuri nitauona uso kwa chini. Yule binti akasimamisha picha, akaisogeza kidogo kidogo, na picha ikisimamishwa ndipo inapoharibika, inakuwa ukungu. Uso haukuwamo. Ungeweza kurudisha hadi Krismasi.

"DJ," aliniuliza kwa sauti ya chini, "ni yeye?"

"Sijui," nilisema. Nilikuwa nimeshawasemea wafalme na majambazi, na hilo ndilo nililokuwa nalo.

Aliisimamisha picha pale kichwa kilipoinama, akamwendea mama, akamshika kiwiko. "Mama, simama hapa side hii," akamwambia, "ndio usimfunike." Akamweka kando ya mwanga. Sasa kivuli kilianguka pembeni, na mama akanyoosha mkono, na kiganja kikakaa juu ya kile kitambaa cha kichwani, sawasawa, na vidole vyake vikaingiwa na mwanga wa picha. Akasalimu tena. Akangoja.

Kisha akanigeukia. Alizungumza Kiswahili chake cha soko, nadhani alitaka wote wamsikie.

"Wewe unasemesha watu yote. Hata mbwa unasemesha. Semesha huyu."

Nilimtazama yule binti wa tamasha, kwa sababu ni yeye aliyenikataza kuongeza, na nilimwomba Mungu anikataze tena. Alitikisa kichwa kwamba ndiyo, endelea. Alikuwa akilia.

Neno lilikuwa moja tu, na kila mtu alilijua. Niliinua maikrofoni. Nilitafuta kooni sauti ya dada yangu, vile alivyoitikia kupitia simu, na sikuipata. Nimeiga sauti za nusu ya Asia, na ya mtoto tuliyelala naye ngozi moja nilikuwa nimeipoteza. Nilijua kwamba ilikuwa nzito kidogo kwa msichana. Nilijua kwamba mwishoni ilipanda. Huko ni kujua habari za sauti, si kuwa nayo. Na mama alikuwa akingoja na mkono juu. Kwa hiyo kikatoka kile kilichokuwapo, ambacho kwa miaka yote koo langu lilikuwa limezoea kutoa kila mwanamke alipohitaji kusema.

"Iko."

Nyembamba, ya puani, kwa spika mbili. Na wale wa nyuma, watu wangu wa Kitengela, wakacheka. Si kwa ubaya. Sauti ile iliwachekesha tangu wakiwa vijana na kicheko kilitoka kabla yao. Walikikata upesi, mmoja akajifunika uso kwa kofia, lakini kilikuwa kimekwisha kufika mbele.

Mama hakuwageukia. Aliondoa kiganja kwenye kitambaa taratibu, kama mtu anayeondoa mkono kwa mtoto aliyelala, akarudi kwenye benchi lake akaketi, akapanga shanga zake kifuani. Nilimfuata, nikachutama mbele yake. Nilitaka anigombeze. Nilitaka hata anipige kofi mbele ya walimu wale wote. Aliniambia kwa Kimaa, kwa upole kabisa, "Umeitikia wewe. Yeye bado hajaitikia."

Muvi ilimalizwa kwa sababu ilibidi imalizwe. Sijui nyumba ile ilimwendea nani. Majina yalipopanda mwishoni, yule binti aliyasoma yote kwa sauti, la dereva, la mpishi wa kundi, la aliyeazima gari. La msichana wa sinia halikuwapo. Aliahidi kumwandikia mwenye muvi, na aliandika, simlaumu kwa lolote. Jibu alinisomea kwa simu. Yule bwana alisema nyumba waliikodi kwa ajili ya kazi, na mfanyakazi alikuwa wa wenye nyumba. Alikuwa akipita walipokuwa wakipiga picha, wakaona inapendeza, wakamwomba apite tena. Wenye nyumba walihamia mji mwingine. Jina lake hakuwahi kumwuliza, na kwa hilo alisema anasikitika sana. Nilimshukuru. Nilikuwa na matusi mazuri niliyoyatayarisha, ya banda, nikayaona hayana pa kwenda.

Mama sikumweleza barua hiyo yote. Nilimwambia bado wanatafuta, jambo ambalo wakubwa wa Nairobi pia huniambia, na aliinamisha kichwa vilevile ninavyoinamisha mimi mbele yao. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sisi wengine tunabeba maikrofoni.

Siku hizi simu yangu ikilia kwa namba nisiyoijua, mama hunyoosha mkono nimpe. Mara nyingi ni mtu wa hadiwea anataka tangazo, au mtu wa benki. Mama hasemi haloo wala haulizi ni nani. Anasema, "Nakerai, takwenya," halafu ananyamaza, anangoja. Yule wa upande wa pili anaita haloo, haloo, unanisikia, na mimi nimekaa pale pale karibu yake, na sifungui mdomo.